Boti nyembamba na mifereji ya Uingereza: maswali mnayotuuliza kila tukirudi safari

Tunakaa Milton Keynes, karibu na Mfereji wa Grand Union, na kila tukirudi safari simu haitulii. Binti wa shangazi yuko Reading, anataka bei. Shemeji yuko Tanga, anauliza kama kuna mamba. Mamba hakuna. Mengine yote tumeyapanga hapa, ili tukiulizwa tena tujibu kwa kutuma ukurasa huu tu.

Sisi si mabaharia. Kwa miaka minne tulikodi boti kila kiangazi, kisha tukanunua hisa moja kati ya 12 za boti ya ushirika. Mwenye hisa hupata wiki chache kwa mwaka, na gharama za ukarabati hugawanywa.

## Kwa anayeanza kabisa

Boti nyembamba ni boti gani hasa?

Ni boti ya chuma, ndefu kuliko basi na nyembamba kama kichochoro cha Mji Mkongwe. Upana wake ni mita 2 na kitu kidogo tu, kwa sababu loki nyingi za katikati ya Uingereza zilijengwa na upana wa futi 7, na boti ikatengenezwa kufuata loki. Urefu unaweza kufika mita 22. Yetu ina futi 57, kama mita 17 na nusu, kipimo ambacho wengi hukipenda kwa kuwa kinapita karibu kila mahali.

Ndani kila kitu kimepangwa kwa mstari: sebule, jiko, choo na bafu, kitanda. Ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Anayetaka kwenda chooni usiku humruka kila aliyelala njiani.

Mifereji yenyewe ilichimbwa ya nini?

Makaa ya mawe. Mwaka 1761 Mfereji wa Bridgewater ulianza kupeleka makaa kutoka Worsley hadi Manchester, na bei yake mjini ikashuka kama nusu. Farasi mmoja aliyehangaika na tani moja au mbili barabarani aliweza kuvuta tani 30 zikielea. Matajiri walipoona hivyo, kila mmoja akataka mfereji wake. Kile kijia cha pembeni mnachotembelea leo na mbwa ni njia ya yule farasi.

Kisha ikaja reli, yakaja malori, na kipupwe cha 1962 hadi 1963 barafu ikazifunga boti kwa wiki nyingi, wateja wakahamia kwingine wasirudi. Leo mifereji na mito ya England na Wales ipatayo kilomita 3,200 iko chini ya Canal & River Trust, shirika la hisani lililoanza kazi hiyo mwaka 2012.

Loki ni nini?

Chumba cha mawe au matofali chenye milango pande zote mbili. Ndiyo ngazi ya boti. Unaingia chini, unafunga milango nyuma yako, unafungua vidirisha vilivyo chini ya maji kwa kuzungusha hendeli ya chuma, maji yanaingia, boti inapanda nayo. Maji yakilingana, lango linafunguka. Kabla ya hapo hata mje watu kumi na wawili halisogei. Loki moja nyembamba hula zaidi ya lita 100,000, na kwa dakika kama 15 umepanda mita 2 au 3.

Loki za Grand Union kwetu ni pana, zinaingia boti nyembamba mbili ubavu kwa ubavu. Likumbukeni hilo, kwa sababu urafiki wetu karibu wote ulianzia humo.

Nahitaji leseni ya udereva?

Kwa matembezi ya kawaida mferejini, hapana. Ukikodi, mwenye boti atakufundisha kama saa moja kabla ya kukuachia. Boti yenyewe ndiyo inayohitaji leseni, bima, na cheti cha usalama kinachokaguliwa kila baada ya miaka 4. Ukiingia Mto Thames ujue uko kwa mamlaka nyingine, yenye leseni yake.

Inagharimu kiasi gani?

Kwa boti ya familia, wiki moja ya kiangazi hukosi kulipa zaidi ya pauni 1,000, na likizo za shule bei hupanda sana. Aprili na Oktoba ni nafuu. Mkigawana familia mbili inakaribia bei ya hoteli ya kawaida, ila hotelini hakuna anayewaamsha mkasukume malango.

Kwa siku tutafika wapi?

Si mbali. Mwendo usizidi maili 4 kwa saa, yaani kilomita 6 na nusu, na mara nyingi utakwenda chini ya hapo. Chukua idadi ya maili, jumlisha na idadi ya loki, gawa kwa 3: hizo ndizo saa zako. Grand Union kutoka London hadi Birmingham ina kama kilomita 220 na loki 166. Kwa gari ni asubuhi moja, kwa boti weka wiki na ziada. Kuna mzee wa kijiani aliyetupita akitembea, akanunua gazeti, akatupita tena akirudi.

## Kushika kana

Nasukuma kana kulia, boti inakwenda kushoto. Nakosea wapi?

Hujakosea. Ndivyo kana, yaani mti wa kushikia usukani, ilivyo, mferejini na baharini. Mtoto wa Pwani aliyekua akiona ngalawa hujua bila kufundishwa, lakini mtu wa gari huchukua nusu siku na vichaka viwili. Kumbuka pia kwamba boti inazungukia katikati yake: omo (mbele ya boti) ikienda kushoto, tezi (nyuma yake) inatupwa kulia. Na boti isiyo na mwendo haina usukani, kwa hiyo ukipunguza moto kwa woga ndipo unapogonga.

Mkikutana na boti nyingine, kila mtu akae kulia kwake. Hii wanaotoka kuendesha gari Uingereza huwachanganya.

Kwa nini lango halisogei hata nikilisukuma kwa nguvu zote?

Ama maji hayajalingana (soma hapo juu kuhusu loki), ama unatumia mikono.

Hili tulifundishwa Foxton, karibu na Leicester, penye loki kumi zilizopandana kama ngazi za nyumba, tano na tano. Watazamaji hujaa pale siku za jua. Mimi nimelilalia lile gogo refu la lango, viganja vinawaka, baba watoto yuko tezini ananipigia kelele kwa Kiswahili, na mimi namjibu ipasavyo. Mara nikasikia kutoka kwenye benchi: "Mama! Sukuma na mgongo, mama! Mkono hapana!"

Alikuwa mzee wa Kihindi mwenye fimbo na koti la sufu, amekaa na wajukuu. Kazaliwa Kampala, kafukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 pamoja na wenzake, akaishia Leicester kama wengi wao. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akacheka mpaka akafuta macho, alikuwa hajaisikia miaka mingi. Nikageuka, nikaegemeza mgongo na makalio, miguu nikaikita kwenye matofali yaliyoinuka chini pale. Lango likaenda lenyewe. Mzee akawa anapanda nasi loki hadi loki, akitoa amri, mpaka juu. Wajukuu walikuwa wanamtazama kama mtu mgeni.

Foxton kwenyewe kuna wasaidizi. Wasikilize: vidirisha vyekundu hufunguliwa kwanza, vyeupe baadaye. Kinyume chake utayamwaga maji kijiani.

Hatari kubwa kwenye loki ni ipi?

Ukishuka, chini ya lango la juu kuna kizingiti cha mawe kilichojificha majini. Maji yakipungua, tezi ikiwa imekaa juu yake, omo inazama nayo tezi inabaki hewani. Boti huzama hivyo, kwa dakika chache. Ukutani pana mstari mweupe: usiuache uwe mbele yako. Mwenye hendeli amtazame mwenye kana muda wote, na kikitokea chochote afunge vidirisha vya kutolea maji mara moja, maswali baadaye.

Jingine ni hendeli. Usiiache ikining'inia kwenye chuma chake ukaenda kupiga picha. Kidirisha kikiteleza, inazunguka kwa kasi na kuruka, na inavunja taya.

Na usisukume boti kwa mguu wala mkono ikikaribia ukuta. Ina uzito wa tani 15 na zaidi. Acha igonge.

Sijui kuogelea. Nije?

Njoo. Mfereji mwingi una kina cha kufika kiunoni au kifuani, ukidondoka simama. Loki na mito ni habari nyingine, huko vaa jaketi la kuokolea. Watoto wetu hulivaa tangu wanatoka mlangoni. Ukishapata kuloa, oga na unawe kabla ya kula, maana mkojo wa panya humo majini unaweza kuleta ugonjwa.

Injini inanguruma lakini boti haiendi. Kuna nini?

Kitu kimejizungusha kwenye propela. Mara nyingi ni mfuko wa plastiki, waya au kipande cha zulia. Egesha, zima injini, chomoa ufunguo uutie mfukoni mwako mwenyewe. Tezini kuna kifuniko. Ukikifungua unaifikia propela kwa mkono, maji baridi mpaka kwapani.

Kwetu haikuwa plastiki. Nilikuwa nimeanika khanga kwenye reli ya nyuma, upepo ukaichukua karibu na Soulbury, na kabla sijasema "khanga yangu" injini ikakohoa. Baba watoto akalala kifudifudi akavuta, haitoki, imekazwa kama kamba ya jahazi. Boti iliyokuwa imeegeshwa mbele yetu, akatoka mama mmoja wa miaka kama sabini na kisu cha mkate. Hakutuuliza jina. Alikunja mkono wa sweta, akapiga magoti, akaanza kukata kipande kipande na kukitandaza kijiani kama anapanga viraka. Baada ya robo saa herufi zikaanza kuonekana: HASIDI, kisha HANA, kisha SABA.

"Imeandikwaje?" akauliza. Nikamweleza kwamba mwenye husuda hahitaji sababu. Akafikiri, akasema ana dada yake wa hivyo, akakiomba kile kipande cha katikati. Tulimwona tena mwaka uliofuata, kimeshonwa kwenye mto wa kiti chake: HANA. Kisu chetu cha mkate sasa kinakaa tezini daima.

Mwanamke anaweza kuendesha?

Swali hili huulizwa na wanaume, na siku hizi nalijibu kwa historia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wanaume walipopungua, wanawake wa mjini wasiowahi kugusa kamba walifundishwa kazi hii kwenye Grand Union hii hii. Timu ya watatu ilichukua boti mbili, moja ya injini na nyingine ya kuvutwa, zenye shehena ya tani kama 50: vyuma kutoka London kwenda Birmingham, makaa ya Coventry wakirudi. Beji yao ilikuwa na herufi IW, kifupi cha "Inland Waterways", njia za maji za ndani. Wenye masihara wakazisoma kuwa "Idle Women", yaani "wanawake wavivu". Jina likabaki.

## Ndani ya boti

Choo kikoje, na maji ya kujisafishia je?

Nashukuru kwa kuuliza waziwazi, maana kila mtu huuliza kwa kunong'ona. Boti nyingi ndogo zina choo chenye kasha chini yake. Kikijaa unakibeba kama sanduku hadi kituo cha kumwagia, unakimwaga, unasuuza, unarudi umenyamaza. Nyingine zina tangi kubwa linalonyonywa kwa mashine kwa malipo.

Kopo la maji halina tatizo, sisi tunalo. Lakini kila kopo linaingia kwenye kasha lile lile. Familia ya Kiingereza ya watu wanne inayomwaga kila siku mbili, sisi tunamwaga kila siku. Uliza mapema boti ina choo cha aina gani, na ukiwa na watu wengi chukua cha tangi.

Maji safi hujazwa kwenye bomba za njiani, bure kwa wenye leseni. Jaza kila upitapo.

Na swala?

Egesha kwanza. Kisha usiamini dira ya simu ukiwa ndani: boti ni chuma tupu na dira inapotea kabisa. Shuka kijiani hatua kumi, pima kibla, rudi. Tumewahi kusali Adhuhuri na Alasiri tumeuelekea mji wa Northampton.

Baridi?

Jiko la kuni na makaa hutosha, hata Desemba, na mabati yakishapata moto mtalala na dirisha wazi. Dirisha wazi lenyewe ni jambo jema, kwa sababu moshi usioonekana wa jiko huua watu waliolala. King'ora cha hewa ya sumu kiwepo na kijaribiwe.

Baa ziko kila kona. Asiyekunywa atachangamana wapi?

Kweli, mipango mingi huanza na "tukutane baa". Tunakwenda, tunaagiza chai na viazi, hakuna aliyewahi kutulazimisha. Lakini maongezi mazuri hayako baa. Yako lokini (tazama sehemu inayofuata).

## Watu

Ni kweli Waingereza wanasalimiana huko?

Ndiyo, na kwa mara ya kwanza utadhani wamekufananisha na mtu. Mtu yule yule ambaye kwenye treni ya kwenda London angekaa na goti lako dakika 50 bila kukutazama, hapa anainua mkono toka mbali, anakusifia hali ya hewa, anakwambia loki inayofuata iko tayari. Anayepita bila kuinua mkono husemwa. Nilipoona hivyo nilijisikia nimerudi Pangani, ambako kupita barazani kimya ni kesi.

Sababu, kwa maoni yangu, ni mwendo. Mkipishana kwa mwendo wa mtu mzima akitembea mna muda wa kutazamana, na kutazamana bila kusema neno ni kazi zaidi kuliko kusalimiana.

Mbona wananiita kwa jina la boti?

Kwa sababu limeandikwa ubavuni, na wewe hujaandikwa. Yetu inaitwa Kingfisher, yaani mdiria, jina la boti nyingi mno. Kwa hiyo tumekuwa "Kingfisher wa sambusa". Tunao watu tunaowajua miaka sita, tunajua magonjwa yao na mbwa wao, na majina yao ya ubatizo tuliyajua kwa kadi ya Krismasi.

Urafiki unaanzaje hasa?

Mikono kwanza, majina baadaye. Mfano wetu ni Stoke Bruerne, loki saba pana za kupanda. Unafika chini, unakuta boti nyingine inasubiri. Kuingia peke yako ni kupoteza maji, kwa hiyo mnaingia pamoja, boti zinasuguana mabega. Mmoja anabaki na kana, mwingine anatangulia kwa miguu kuandaa loki ya pili, mwingine anafunga malango nyuma. Hakuna anayepanga. Loki ya kwanza mnazungumzia maji. Ya tatu, watoto. Ya tano yule bwana asiyejulikana amekwambia kwamba alinunua boti baada ya kufiwa na mke, na kwamba kana ameipaka rangi aliyoichagua marehemu. Ya saba mmefika juu, penye makumbusho na bata, yeye anasimama kujaza maji na nyinyi mnaingia handaki la Blisworth, karibu kilomita 3 za giza. Mnaagana kwa kuinua mkono.

Sikujua la kusema loki ya tano. Nikamwambia pole. Kiingereza hakina neno hilo sawasawa, nikalisema kwa Kiswahili. Akalirudia.

Kwa hiyo msikimbilie kuulizana kazi na anwani. Shika kamba ya mwenzako kwanza.

Nikiegesha, nikae karibu na boti za watu au mbali?

Pengo la mita moja ni adabu, maana mahali pazuri ni pachache. Injini na jenereta zizimwe kati ya saa 2 usiku na saa 2 asubuhi. Usifunge kamba kukatiza kijia, waendesha baiskeli wataanguka. Na usiegeshe kwenye gati la kusubiria loki, hata kwa dakika tano za kununua maziwa.

Tukiletewa chakula?

Pokea. Keki hupita dirishani bila maelezo. Kwetu sahani hairudi tupu, kwao inarudi imeoshwa inang'aa na haina kitu, msichukie. Watakulipa kwa namna yao: asubuhi utakuta fungu la kuni juu ya paa, na hujui nani kaliweka.

Kwa nini jana mtu alitoka kwenye boti yake akatupigia kelele?

Ulipita kwa kasi. Lazima. Boti ikipita husukuma maji na kuyavuta, na ile iliyoegeshwa inanyanyuliwa mbele, inarudishwa nyuma, kamba zinakaza, vigingi vinang'oka kwenye udongo. Aliye ndani alikuwa anamimina chai. Anza kupunguza kabla ya kuifikia boti ya kwanza na usiongeze mpaka uipite ya mwisho, hata zikiwa arobaini.

Na kumbuka wengi wa hao si watalii, wapo nyumbani. Kuna wanaoishi botini bila maegesho ya kudumu, na sheria ya 1995 inawataka wasikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo. Wapo walimu, wauguzi, wastaafu, vijana waliokimbia kodi za London. Usichungulie madirisha yao. Ukikwama, hao ndio watakaokutoa, kwa kuwa wao hukwama Januari.

Sisi weusi tutapokelewaje?

Sitawadanganya: ni wachache. Kuna siku nzima tunapita bila kumwona mwenzetu. Tumekodolewa macho, na mara moja bwana mmoja alituuliza kama boti tumeruhusiwa kuichukua. Mumewe yule mama wa kisu cha mkate alikuwa karibu, akamjibu kabla yetu, na jibu lake siliandiki. Lakini hesabu yangu ya miaka yote ni nyepesi: maudhi ya aina hiyo vidole vya mkono mmoja vinatosha. Nikiendesha gari huku sina hesabu nzuri hivyo.

Marafiki wa mferejini hawagombani?

Wanagombana kuliko ndugu. Hata wakubwa wao. Mwaka 1945 mwandishi Robert Aickman alikwenda Tardebigge, penye loki 30 mfululizo, kumtembelea mwandishi mwenzake Tom Rolt aliyekuwa akiishi na mkewe kwenye boti yake, Cressy. Walikaa humo, wakazungumza, na mwaka 1946 ikazaliwa Inland Waterways Association, chama kilichopigania mifereji isifukiwe. Bila wao nisingekuwa na cha kuandika. Lakini Aickman alitaka kila mfereji uokolewe na Rolt alikuwa na maoni yake, na kufikia 1951 Rolt alifukuzwa kwenye chama alichokianzisha mwenyewe. Ukipita Tardebigge utaona mnara wa kumbukumbu ya kukutana kwao. Wa kuachana haupo.

Ugomvi wa siku hizi ni mdogo: nani kaacha vidirisha wazi, mbwa wa nani, moshi wa nani. Ushirika wetu wa watu 12 ulikaribia kuvunjika kwa ajili ya rangi ya mapazia.

Mnawasilianaje msipokuwa safarini?

Wengi hatuwasiliani. Habari hutangulia zenyewe: mmoja anapanda, mwingine anashuka, wakipishana lokini wanaambiana. Tuliwahi kufika Braunston tukaambiwa pole kwa homa ya mtoto, na homa ilianza jana yake, umbali wa loki kumi na tatu.

## Yasiyotarajiwa

Mfereji unaweza kufungwa?

Ndiyo. Kuanzia Novemba hadi Machi loki hukaushwa zikarabatiwe, orodha hutangazwa mapema. Kiangazi adui ni ukame: mwaka 2025 sehemu kubwa ya Mfereji wa Leeds and Liverpool ilifungwa kwa kukosa maji. Soma matangazo kabla ya kulipa, na muulize mwenye boti atakurudishia nini.

Hendeli yetu imezama. Tufanyeje?

Karibu katika jumuiya. Kila boti iwe na hendeli mbili au tatu, pamoja na sumaku nzito yenye kamba. Tupa sumaku polepole ukutani, buruta, subiri. Utatoa misumari, kufuli ya baiskeli, na pengine hendeli ya mtu mwingine.

Yule bwana wa Stoke Bruerne aliuza boti yake mwaka juzi, magoti yalikataa. Alitupa hendeli yake, ya chuma cha zamani, amezungushia mkanda wa umeme mwekundu shinani ili isimteleze. Niliitumia msimu mmoja. Agosti ikaniponyoka loki ya tatu kutoka chini, pale pale Stoke Bruerne, upande wa kijia. Tumekwenda na sumaku mara nne. Mkiipata ina mkanda mwekundu, iacheni dukani penye makumbusho, waambieni ni ya Kingfisher wa sambusa.